Kabla reli ya zamani haijanyamaza: niliyoyasema Tabora kuhusu majengo yetu

Wazee wangu shikamooni, wengine wote mwangaluka. Nimepewa nusu saa na kijana mwenye kipaza sauti ameshanionyesha saa yake kabla hata sijasimama, kwa hiyo itifaki nitairuka, waheshimiwa mtanivumilia.

Mi ni fundi mwashi. Historia nimeisomea ukutani, yaani nimegonga, nimebomoa, nimeziba na nimepiga lipu kuta za zamani za mji huu na za huko Kigoma mpaka ukinifunga kitambaa machoni nikapapasa tu nitakwambia huu wa Mjerumani, huu wa Mwarabu, huu wa Mhindi mwenye duka. Aliyenialika alitaka niongelee uzuri wa majengo ya zamani yaliyotelekezwa. Nitauongelea, lakini nina jambo langu nimekuja nalo na nalisema mapema ili mkianza kusinzia liwe limeshaingia: haya majengo mengi hayakufa kwa uzee, yalikufa kwa kukosa mtu ndani, na sisi wa ukanda huu wa reli tunakaribia kutoa watu kwenye majengo mengine mengi kwa mpigo mmoja na sijasikia mtu anauliza nani atabaki na funguo.

Haya, uzuri. Nawaona vijana mnaenda kupiga picha kwenye magofu, mara maharusi, mara wanamuziki, na wala siwacheki, kwa sababu ukiingia kwenye nyumba ya zamani ambayo paa limeanza kuachia, saa kumi na moja jioni, jua linapita kwenye matundu ya misumari linakuja kuchora vidoa vya mwanga sakafuni, rangi zimebanduka unaona ile kijani ya ofisi za serikali, chini yake bluu, chini kabisa chokaa ya siku ya kwanza, na juu kule kwenye ufa umeota mkuyu mizizi imeshuka na ukuta mpaka chini, hapo hata mtu asiye na simu nzuri anapata picha nzuri. Na mimi nasimama naangalia. Shida ni kwamba mwenzangu anaona mti, mimi naona mzizi unaingia kati ya tofali na tofali na kila masika unasukuma kidogo. Siku ukuta ukifunguka ndiyo picha inakuwa nzuri zaidi, halafu basi tena.

Lakini uzuri wenyewe hasa uko kwenye akili ya aliyepanga lile jengo, sio kwenye kuharibika kwake. Nendeni stesheni yetu hapa mchana wa mwezi wa kumi, ule wa joto ambao hata mbuzi wanatafuta kivuli, ingia ndani simama tu. Ukuta ni mnene, joto la mchana linachelewa kupita. Dari iko juu, hewa ya moto inapanda inakuacha chini na ubaridi wako. Juu ya madirisha kuna matundu ya kupumulia, nje kuna baraza na paa lililoshuka chini, jua haligusi ukuta na mvua haigusi ukuta. Hakuna feni wala umeme uliohusika hapo. Reli ilifika hapa 1912, kwa hiyo hesabu mwenyewe jengo la namna ile limeshavuka masika mangapi. Sasa linganisha na hizi nyumba tunazojenga sa hivi, zile za paa la kujificha, kontempo mnaziita, bati limelazwa nyuma ya ukuta maji yanatuama, madirisha ya aluminiamu yasiyo na hata kikofia cha kuzuia mvua, mwaka wa pili tu mwenye nyumba ananipigia simu fundi njoo dari limelowa. Nisiendelee, najua humu ndani kuna watu wanazo na wengine ni wateja wangu.

Watu wanadhani jengo linaanguka. Jengo halianguki, linalowa kwanza. Inaanza na kitu kidogo sana, bati moja limeng'oka msumari, au kigae kimoja kimeteleza, au gata imejaa majani ya mwembe maji yanafurika yanarudi ukutani. Kama kuna mtu analala humo ndani, usiku ule ule atasikia tone, ataamka aweke beseni, kesho anaita mtu na ngazi, kazi ya nusu siku imeisha. Kama hakuna mtu, tone linaangukia kenchi, mwaka huu, mwaka kesho. Kenchi ya mninga inavumilia sana maana hata mchwa wanauheshimu mninga, lakini si kila mbao mle ndani ni mninga, kuna fito na mbao laini, hizo zikilowa mchwa wanaingia wanakula kwa ndani wanaacha rangi tu nje. Nimewahi kugusa fremu ya mlango imepakwa rangi vizuri kabisa, kidole kikaingia mpaka kwenye kifundo. Ilikuwa imebaki rangi yenye umbo la mlango. Kenchi ikikatika paa linakaa upande, maji sasa yanaingia juu ya ukuta, na ukuta wa tofali za udongo ukinyweshwa kutokea juu hauna maisha tena.

Kuna jingine, na hili ni la mafundi wenzangu, samahanini. Sementi. Ukuta wa zamani umejengwa kwa udongo au kwa chokaa, na maji yanayopanda kutoka msingini yanapita yanatokea nje yanakauka, ndivyo ulivyozoea. Sasa anakuja mkandarasi ameambiwa akarabati, anabandua lipu ya chokaa anapiga ya sementi, ngumu, laini, inang'aa, anapiga picha anapeleka ripoti analipwa. Umemvalisha mtu koti la mvua la nailoni halafu umemwambia alime. Yale maji hayapati pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inatoka unga mweupe kwenye kingo, na baada ya misimu michache gonga lipu na kifundo cha kidole utasikia sauti ya mtungi mtupu, maana imeshaachana na ukuta, inasimama peke yake. Kuna jengo moja la ofisi ya umma, silitaji, nililiona kabla na baada ya ukarabati wa namna hiyo na nawaambieni kabla ilikuwa afadhali. Chokaa ipo madukani, sementi tunaipenda kwa sababu inakauka haraka na tenda ina tarehe ya mwisho.

Nikiwa naingia humu mzee mmoja amenishika mkono kaniuliza, je majini? Mzee wangu, sijui niseme nini, mi nimekutana na popo, nyuki na mara moja jamaa aliyekuwa amelala zake. Ila majini yana kazi yake, kuna milango ya kuchonga ambayo isingekuwa uvumi wa majini ingeshang'olewa usiku zamani ikauzwe kwa wapenda vitu vya kale.

Turudi. Kwanini watu wanaondoka? Kila jengo lina kisa chake, ila vinafanana. Ile mitaa ya maduka ya zamani, zile nyumba za Wahindi zenye baraza mbele na familia nyuma, wazee mnakumbuka 1971 ilikuja sheria ya kutwaa majumba, nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 zikaenda serikalini kwa Msajili wa Majumba, nchi nzima. Wenyewe wengi wakafungasha. Sibishani na nia ya sheria, kulikuwa na watu wanakamua wapangaji, lakini mimi naongelea bati: mwenye nyumba aliyekuwa anapanda juu kila mwezi wa kumi kusafisha gata kaondoka, aliyepokea yuko ofisini mbali, na mpangaji anasema sio yangu. Upande mwingine kuna nyumba za urithi. Babu kafa kaacha watoto tisa wa mama watatu, wajukuu sijui wangapi, kodi ya fremu za mbele inagawanywa mpaka senti ya mwisho, ila likitajwa suala la kubadilisha bati kila mtu anaangalia simu yake. Kesi iko mahakamani, mvua haingoji hukumu.

Na sheria ya kulinda? Ipo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ile sheria iliweka mstari kwenye mwaka 1863, jengo la kabla ya hapo linalindwa lenyewe moja kwa moja, la baada ya hapo mpaka litangazwe. Sasa fikirieni mji wetu. Ngome ya Mjerumani, stesheni, shule, maduka, misikiti na makanisa tunayoyaona, karibu vyote ni vya baada ya 1863! Kwa hiyo kwa kiasi kikubwa mji unaouona kwa macho uko upande usiolindwa wa mstari mpaka mtu aamke aandike barua. Hata kulindwa kwenyewe siyo dawa ya kila kitu. Beit al Ajaib ya Zanzibar, jumba la 1883 la Sultan Barghash, liko ndani ya Mji Mkongwe ambao dunia nzima imeutambua toka 2000, na bado upande mmoja ukaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya ukarabati na watu wawili wakafa.

Sasa Kwihara, hapo nje kidogo ya mji wetu. Wengi humu mmekwenda na shule mkaonyeshwa tembe la Livingstone mkaambiwa Stanley alikaa hapa 1871, akarudi na Livingstone kutoka Ujiji mwaka uliofuata, Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti 1872, na mwaka 1873 mwili wake ukapita pale pale ukibebwa na watumishi wake kina Chuma na Susi kuelekea pwani. Hayo mnayajua. Mi nataka muangalie paa. Tembe ni ukuta wa udongo, juu magogo, juu yake fito na nyasi, juu yake udongo umeshindiliwa. Ni jengo la akili sana kwa nchi yenye jua kama hii, na vifaa vyote unavipata kwa miguu. Lakini ni jengo linalomtaka mtu kila mwaka. Kabla ya mvua mtu anapanda anaziba nyufa, anaongeza udongo, anashindilia, anakandika ukuta pale mbwa na mbuzi walipochakura. Mwaka mmoja ukiruka unaona, miwili inavuja, baada ya hapo linarudi kuwa ardhi na mahindi yanaota juu yake. Ndiyo maana hata la Kwihara lilishaharibika likaja kujengwa upya miaka ya 1950. Njia yote ile ya misafara, kutoka Bagamoyo, Mpwapwa, hapa kwetu mpaka Ujiji, iko kwenye orodha ya Tanzania ya kusubiri urithi wa dunia toka 2006, na Kwihara na Ujiji zimetajwa kwa majina kabisa. Tunasubiri. Udongo hausubiri.

Na hapa kijana mmoja lazima ataniuliza, na ana haki, sisi tunamlilia Mjerumani jengo lake kwa lipi? Tunajua alichokuja kufanya. Januari 1893 hapa hapa Unyanyembe Mtemi Isike alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake ili asikamatwe na wanajeshi wa Kijerumani. Mgeni akija leo anaonyeshwa boma la Mjerumani kilimani, ngome ya Isike anasimuliwa. Hilo linaniuma kuliko mnavyofikiri, na kama kuna pesa ya kwanza itapatikana mi ningesema iende kwenye maeneo ya watemi, Itetemia, na kule Urambo kwa Mirambo, yaheshimiwe kama tunavyoheshimu stesheni. Lakini angalieni na hili la kilimani. Lile boma limesimama mpaka leo, na sababu kubwa mi naona ni kwamba lina watu, jeshi liko mle. Tabora Boys imesimama, tena toka kizazi cha akina Nyerere aliyeingia pale 1937, kwa sababu kila mwaka kuna wanafunzi na kila mwaka kuna mtu anapiga kelele bweni linavuja. Halafu nani alipanga tofali? Mzungu alichora, lakini aliyechoma tofali, aliyebeba jiwe kichwani, aliyepanda kwenye jukwaa la miti na kuweka pima maji ni babu yako na babu yangu, na wengine walifanya kwa kiboko. Ukiangalia vizuri kuta zile unaona mikono tofauti, huyu anapanga kozi zimenyooka, huyu wa pembeni yake ana haraka, na hakuna mahali pengine wameandikwa.

Sasa niseme lililonileta. Reli ya umeme inakuja. Toka 2024 wenzetu wa Dar na Dodoma wanapanda, kipande cha kuja Tabora kinajengwa, na cha Tabora kwenda Kigoma, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022. Mi nafurahi, nimeshalala sana Itigi kwenye behewa nikingoja injini kwa hiyo msinifanye adui wa maendeleo. Lakini stesheni za reli mpya ni mpya, mara nyingi ziko kwingine, hata Morogoro ile mpya haiko pale ilipo ya zamani. Na reli ya zamani labda itaendelea kubeba mizigo, sibishi, ila mzigo haukati tiketi wala haukai kwenye benchi. Hebu ipiteni kichwani ile njia: Tura, Malongwe, Goweko, Lulanguru, hapa, Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kigoma. Kila moja ina jengo, ina nyumba za wafanyakazi, nyingine zina matangi ya maji na stoo. Kila moja ina miembe na akina mama wanaouza asali, karanga, samaki. Hapo Lulanguru mnajua kilichotokea 1916? Mjerumani kakatiwa njia ya baharini, hana pesa ya kulipa watu, akageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu, akapiga rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, leo wakusanyaji wa dunia wanazigombania kwa pesa ambayo ukitajiwa utakaa chini. Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakaingia Tabora. Nauliza, ni wangapi humu mmewahi kushuka Lulanguru? Haya, mikono naiona, michache.

Majengo ya namna hii yote kwa pamoja siku moja yatafungwa kufuli, mlinzi atalipwa miezi kadhaa, halafu mkataba wake utaisha. Mabati yataondoka ya kwanza, halafu fremu, halafu tofali moja moja kwenda kujenga choo cha jirani. Hatutamjua hata aliyeamua, maana hakuna atakayekuwa ameamua.

Wajerumani hao hao kuna kitu walikifanya Kigoma mi huwa nakifikiria sana. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika mnaijua, zamani ilikuwa Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa makasha mpaka Dar, ikapanda treni, ikaungwa Kigoma ikashushwa majini 1915. Julai 1916 walivyoona wameshindwa wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliziloweka injini kwa grisi nzito. Walijua wanaondoka, hawakujua nani atakuja, wakapaka grisi. Mwingereza akaiibua 1924, akaisafisha, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na watu wa Kasanga na Kipili wameipanda miaka na miaka. Miaka minane chini ya ziwa, wakati sisi nyumba yetu iko juu kavu inatushinda miaka mitano.

Kwa hiyo ninachoomba ni grisi. Siombi makumbusho kila stesheni, hatuna hela hiyo na makumbusho tupu nayo ni gofu lenye kibao. Naomba kabla ya kufuli kuwekwa ijulikane jengo hili linapewa nani: hili zahanati, hili ofisi ya kijiji, hili ghala la chama cha asali, hili mwalimu akae na familia yake apike ndani watoto walie ndani. Kule Mikindani boma la Mjerumani la 1895 lilikuwa gofu, likatengenezwa likawa hoteli na vijana wa pale wakajifunza kazi humo humo. Dar pia Boma la Kale la enzi za Sultan Majid limekuwa kituo cha kuonyesha majengo ya mji. Jengo likikosa mtu kabisa, basi lifungwe kifundi, paa lizibwe, gata zisafishwe, madirisha yaachwe yapitishe hewa, miti midogo ing'olewe kwenye kuta ikiwa bado unaing'oa kwa vidole, na mtu mmoja wa jirani alipwe kitu kidogo apite kila baada ya mvua kubwa. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na semina moja ya kujadili urithi, na hii ya leo mmeniletea soda, sawa, sikatai.

Wanafunzi wa ufundi nyie, nimeshaongea na mwalimu wenu, mtakaotaka kujifunza kupiga lipu ya chokaa njooni, chokaa tutailoweka pamoja maana inataka muda na kuna namna ya kuikoroga usijiunguze macho, na tutafanyia mazoezi ukuta wa uani kwangu ambao wife ameshaukataa.

Wengine wote, kuna daftari kwa yule dada mwenye kitenge cha njano pale mlangoni. Msiandike majina yenu tu mkaondoka. Andika jengo moja unalolijua wewe, liwe hapa mjini, liwe Usoke, liwe Nguruka kwa mashemeji zako, andika paa lina hali gani, na andika nani ana ufunguo. Kama hujui nani ana ufunguo acha nafasi wazi, ukifika kwenu uliza halafu umpigie yule dada, namba yake iko kwenye jalada la daftari. Mvua zinaanza Novemba. Haya, maswali, ila kwa yule wa majini nimeshajibu.